Nani anawasha jeni? Jibu kwa binti wa Mbagala

Swali: “Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Mbagala. Mama yangu ana miaka 52, alitolewa uvimbe kwenye titi. Majibu ya kinyama yameandikwa ER chanya, PR chanya, HER2 hasi. Amemaliza dripu na mionzi, sasa ameanzishiwa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Nesi alisema dawa hiyo inazuia homoni isiwashe jeni. Nilisoma baiolojia hadi kidato cha sita na tulifundishwa kwamba kila seli ina jeni zilezile. Sasa nani anaziwasha? Na kama saratani ni jeni iliyoharibika, kwa nini asipewe dawa ya kuzima jeni hiyo yenyewe? Jirani yetu naye anaumwa titi, lakini ameambiwa vidonge hivi havimfai. Halafu Ramadhani inakaribia, mama anataka asimamishe dawa mwezi mzima aendelee baada ya Idi. Kuna ubaya?”

Marahaba, mwanangu. Umeweka maswali manne kwenye bahasha moja, na la Ramadhani ukalitupia mwishoni kana kwamba ni dogo. Nami nitalijibu mwishoni, kwa sababu ukishajua kidonge kinakwenda kukaa wapi mwilini, jibu utaliona mwenyewe. Ila kama una haraka ya kwenda kumwambia mama: asiache.

Ulichofundishwa shuleni ni kweli. Seli ya kisigino cha mama yako na seli ya ini lake zina DNA ileile, uzi wa karibu mita mbili uliokunjwa ndani ya kila seli, wenye jeni za protini zinazokaribia 20,000. Ini linatengeneza nyongo, kisigino hakitengenezi, na jeni za kazi hiyo zimo kote kuwili. Kwenye kisigino hazisomwi tu.

Kusoma jeni ni kuinukuu. Kuna mashine ya protini iitwayo polimerasi, inapita juu ya jeni na kutoa nakala ya RNA, kisha nakala inatoka kwenye kiini cha seli kwenda kutengenezewa protini. Mashine hii ina nguvu lakini ni kipofu: haijui ianzie wapi wala lini. Wanaoishika mkono ni kundi la protini tunazoziita vidhibiti vya unukuzi. Binadamu tuna aina zipatazo 1,600. Kila kimoja kina upande unaopapasa DNA kutafuta mfuatano fulani wa herufi, kama kidole cha msomaji asiyeona kinavyopapasa nukta za maandishi yake, na upande mwingine unaowaita wenzake: njooni, ni hapa.

Basi ukiniuliza nani anawasha jeni, hao ndio wanaoziwasha. Lakini ukiwaacha hivyo tu, utadhani kila kidhibiti kinaweza kujiendea popote neno lake lilipoandikwa, na haiko hivyo. Umewahi kuwepo soko la mitumba la Mchikichini asubuhi belo linapoteremshwa? Limebanwa kwa mikanda, gumu kama gogo. Huenda ndani kuna gauni zuri kuliko yote sokoni, lakini hakuna anayelichagua mpaka mkanda ukatwe. DNA nayo imefungashwa namna hiyo. Kila kipande cha herufi 147 kimezungushwa kwenye kifundo cha protini ziitwazo histoni, vifundo vinabanana, na jeni iliyo katikati inaweza kuwa nzima kabisa na isisomwe maisha yote ya mtu. Vidhibiti vingi ni wateja wanaosubiri. Wachache ndio wakata mikanda, wanaoweza kushika DNA ingali imefungwa na kuilegeza. Katika seli za titi mmoja wao anaitwa FOXA1, na bila yeye homoni ya mama yako isingepata pa kushika sehemu nyingi.

Sasa hiyo ER ya kwenye karatasi. Ni kipokezi cha estrojeni, yaani protini inayoipokea homoni hiyo ya kike. Watu wengi, wakiwemo wanafunzi niliowafundisha mwenyewe, hudhani kila kipokezi kinakaa juu ya ngozi ya seli kama dishi juu ya bati. HER2, kipokezi kingine kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo, ndiyo iko hivyo. ER iko ndani, kwenye kiini cha seli, na yenyewe ndiyo kidhibiti cha unukuzi. Kwa hiyo maabara ilipokitazama kile kinyama, ilikuwa inauliza kama seli zile zina msomaji huyu au hazina.

Estrojeni ni ya jamii ya mafuta, hivyo hupita utando wa seli bila kubisha hodi. Ikifika, inaingia kwenye kishimo kilicho katikati ya ER. Hapo protini hujikunja: kipande chake cha mwishoni, helisi ya 12, kinalala juu ya kishimo kama kifuniko juu ya sufuria, na kwa kulala vile kinatengeneza mfereji mdogo pembeni. Mfereji huo ndio wanamopachikwa protini wasaidizi. ER mbili hushikana, zikatafuta kwenye DNA neno hili: AGGTCA, herufi tatu zozote, kisha TGACCT. Wewe uliyesoma kidato cha sita litazame vizuri. A hukaa na T, G hukaa na C, kwa hiyo nusu ya pili ni ile ya kwanza ikisomwa kwenye uzi wa upande wa pili. Ndiyo maana ER hukaa mbili zikielekeana. Wasaidizi wakishafika wanabandika alama kwenye histoni, belo linazidi kulegea, polimerasi inaitwa, na jeni inaanza kunukuliwa.

Jeni ipi? Si moja, ni mamia. Mojawapo ni ya saiklini D1, inayoisukuma seli ianze kugawanyika. Nyingine ni ya MYC, ambayo nitairudia. Na mojawapo, hii inawafurahisha sana wenye kusoma majibu ya maabara, ni ya kipokezi cha projesteroni, yaani PR. Jeni ya PR huwashwa na ER. Kwa hiyo PR chanya ya mama inamwambia daktari kwamba ER haipo kwa jina tu, ina kazi inaifanya. Ukiona moshi unatoka jikoni huulizi kama jiko lipo.

Umeshaanza kuona kwa nini swali lako la “jeni hiyo yenyewe” halina jeni ya kuonyesha kidole. Ukizima saiklini D1 peke yake, zimebaki mamia. Ukimkamata msomaji mmoja, umezigusa zote kwa pamoja. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: katika saratani nyingi za aina ya mama yako, jeni ya ER haijaharibika. Hitilafu ziko kwingine. Seli imekuwa mbaya, lakini bado inategemea msomaji yuleyule aliyekuwa akiihudumia ilipokuwa seli ya kawaida ya titi, ila sasa inamfanyisha kazi bila kumpumzisha.

Mwaka 1896, daktari wa upasuaji wa Uskochi, George Beatson, aliandika kwamba aliwatoa wanawake ovari, zinazotengeneza estrojeni, na uvimbe wa titi ukanywea. Neno “homoni” lilikuwa bado halijatungwa. Ni mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajafungua hospitali yao pale ufukweni, ambayo leo ni ya saratani na sote tunaiita Ocean Road. Beatson aliona matokeo akiwa hana habari ya utaratibu wote niliokueleza hapo juu. Ilichukua zaidi ya nusu karne mpaka kipokezi chenyewe kionekane.

Tamoksifeni nayo ina historia ya kuchekesha kidogo. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea yai litoke. Ikawa dawa iliyoshindwa kazi iliyotumwa. Baadaye ikajaribiwa kwenye saratani ya titi, na mwaka 1977 Marekani wakaiidhinisha kwa ugonjwa uliosambaa. Inachofanya ni hiki: inaingia kwenye kishimo kilekile cha ER, lakini ina mkia uliochomoza. Mkia huo unakizuia kifuniko kisilale mahali pake. Kifuniko kinasukumwa, kinakwenda kuangukia juu ya ule mfereji wa wasaidizi na kuuziba. ER bado ipo, bado inaweza hata kukaa juu ya DNA, lakini haiwezi kumwita mtu. Dereva amekaa kwenye kiti, mlango amefunga, funguo hana, na kwa kuwa kiti kimekaliwa mwingine hawezi kuendesha.

Miaka mitano si namba iliyookotwa. Tafiti za maelfu ya wanawake wenye ER chanya zimeonyesha kwamba waliomeza kwa takriban miaka mitano walipunguziwa hatari ya kufa kwa saratani ya titi kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo ilionekana hadi mwaka wa 15, yaani muda mrefu baada ya kuacha kumeza. Wapo ambao daktari huwashauri waendelee hadi miaka kumi. Seli chache zilizojificha baada ya upasuaji, dripu na mionzi zinaweza kulala miaka, ndiyo maana kiti hukaliwa muda mrefu hivyo.

Lakini usidhani dawa hii ni ya kuzima kila mahali. Kwenye mji wa mimba, tamoksifeni ikikaa kwenye ER ileile inaweza kuwasha, kwa sababu wasaidizi waliopo kule si wale wa kwenye titi na uwiano wao ni tofauti. Hapo ndipo inapotoka ile hatari ndogo ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Kwenye mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi, kuwasha huko kuna faida, mifupa haipungui haraka. Dawa moja, kipokezi kimoja, na matokeo yamepishana kwa sababu ya kampani. Mimi nikiulizwa ni kitu gani kimoja mwanafunzi ashike kuhusu vidhibiti vya unukuzi, humwambia hilo: usiulize kidhibiti kinafanya nini, uliza kinafanya nini ndani ya seli ipi.

Kwa hiyo mama akitokwa na damu ukeni isiyo ya kawaida, asiseme ni uzee, aende. Vilevile akivimba mguu mmoja na kuuma, au akibanwa kifua ghafla, maana dawa hii huongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Joto la ghafla la mwilini ni la kawaida kwa wanaoitumia, ingawa nakiri kwamba Dar mwezi wa pili sijui nani anaweza kulitofautisha na hali ya hewa. Na dawa zote nyingine anazotumia azitaje kliniki, hata za sonona. Ini ndilo linaloigeuza tamoksifeni kuwa umbo lake kali zaidi, na baadhi ya dawa, kama paroksetini, hukizuia kimeng’enya cha ini kinachoifanya kazi hiyo.

Niliahidi kurudi kwenye MYC. Hii nayo ni kidhibiti cha unukuzi, na kazi yake ni kuongeza kasi: seli ijenge, ile, igawanyike. Seli yenye afya inaiogopa. Kila MYC inapotengenezwa, huvunjwa ndani ya nusu saa hivi. Namna inavyoasi ilifahamika kutokana na ugonjwa wa huku kwetu. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akauandika ugonjwa huo, na mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza wapi watoto wa namna hiyo wanaonekana na wapi hawaonekani. Ramani aliyorudi nayo ilifuata maeneo ya joto na mvua, yaani yenye malaria nyingi. Mikoa yetu ya pwani imo.

Katika uvimbe wa Burkitt, kipande chenye jeni ya MYC, ambacho kwao ni kromosomu namba 8, hukatika na mara nyingi huungwa kwenye kromosomu namba 14, jirani na jeni za kingamwili. Hilo lilithibitishwa mwaka 1982. Seli hizi ni seli B, kazi yake ni kingamwili, kwa hiyo jeni zile zina kichochezi kikali, yaani kipande cha DNA ambako vidhibiti hujaa na kuita polimerasi mchana na usiku. Fikiria kiduka cha vocha kilichokuwa ndani huko Chanika, kinafunguliwa saa mbili tatu kwa siku. Kimeng’olewa, kimepandishwa Mbezi, stendi ya Magufuli. Mwenye duka yuleyule, vocha zilezile, ila sasa hakifungwi. Malaria za kujirudia na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe huohuo, huzifanya seli B zigawanyike mno, na kwa kuwa seli hizi hukata na kuunga DNA yao zinapotengeneza kingamwili, kosa la kuunga hupata nafasi. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu, kwa kuwa unakimbia hivyo, huitikia sana tibakemikali. Mtoto akivimba taya asipelekwe kung’olewa meno tu, apimwe.

Kuna upande wa pili, wa msomaji anayepotea. p53 ni kidhibiti kinachowasha jeni za kusimamisha: DNA ikikatika, p53 huiambia seli isimame, ijitengeneze, au ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni yake, na nyingi ziko palepale kwenye sehemu ya kushika DNA. Protini ipo, wito inausikia, vidole vya kushikia hana. Tembo, mnyama mwenye seli nyingi kuliko sisi mara nyingi na ambaye saratani humpata kwa nadra, ana nakala zipatazo 20 za jeni hii mahali ambapo sisi tunayo moja. Na kirusi cha HPV hakijishughulishi kuiharibu jeni; protini yake E6 inaikamata p53 na kuipeleka kuvunjwa, huku nyingine, E7, ikikifungulia kidhibiti cha E2F kiwashe jeni za kugawanyika. Ndiyo njia ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo yake inatolewa nchini kote kwa wasichana tangu 2018. Kama una mdogo wako wa kike, ulizia.

Unaweza kuuliza, mbona basi hakuna kidonge cha MYC au cha p53 kama cha mama? Ni kwa sababu ER ina kishimo. Maumbile yaliichonga iwe na mahali pa homoni kuingia, na binadamu tukaja na kitu cha kukaa humo. Kipokezi cha androjeni, homoni ya kiume, kwenye tezi dume nacho ni hivyohivyo, na dawa zake zinafuata mantiki hiyohiyo. MYC haina kishimo; ni kama kamba inayochezacheza mpaka imshike mwenzake. Na p53 iliyoharibika tatizo lake ni la kurudisha kilichokufa, kazi ngumu kuliko kuziba kilicho hai.

Jirani yenu sasa. Sijaona karatasi yake, lakini mgonjwa wa titi akiambiwa tamoksifeni haimfai, kwa kawaida ni kwa sababu seli zake hazina ER. Huenda ni hasi tatu: ER, PR na HER2 zote hazipo. Aina hiyo huchukua sehemu kubwa zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Dawa ya kukalia kiti haina kazi pasipo kiti. Seli zake zinasomwa na vidhibiti vingine, na matibabu yake ni ya njia nyingine. Tafadhali msimgawie vidonge vya mama kwa huruma. Najua mtaa wetu, tunagawana hata dawa.

Na Ramadhani. Kufunga au kutofunga ni la daktari wake na sheikh wake, mimi simo. Kidonge ndicho ninachoweza kukisemea. Tamoksifeni hukaa mwilini muda mrefu: nusu ya kilichomo huchukua siku tano hadi saba kutoka. Kwa hiyo kukihamisha kutoka asubuhi kwenda baada ya futari hakuna shida kwa dawa yenyewe; aseme tu kliniki kwamba anahamisha saa, na kila usiku ameze wakati uleule. Kuacha mwezi mzima ni hesabu nyingine. Wiki ya kwanza karibu nusu imetoka, ya pili robo ndiyo imebaki, na kufikia Idi imebaki kidogo, viti vinaanza kuwa wazi na estrojeni ingali inazunguka kwenye damu. Kidonge kikae karibu na kopo la tende.